Mbona Mirihi ina mlima mkubwa kuliko Kilimanjaro na haina hata mgomba mmoja?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi naongoza wageni mlimani, nakaa Moshi. Juzi tukiwa kambi ya Barafu mgeni mmoja, mzee wa Kijerumani, akaniambia bila volkano kama hizi duniani kusingekuwa na uhai kabisa. Nikamuuliza mbona Mars inasemekana ina volkano kubwa kuliko zote na hakuna hata nzi, akacheka tu akasema swali zuri, akaingia kwenye hema kulala. Sasa yupo sahihi au alikuwa ananipa stori? Na kama volkano ni baraka kiasi hicho, mbona watoto wa dada yangu wa Arumeru wana meno ya kahawia na wanaambiwa ni maji ya mlima Meru?"

Marahaba mdogo wangu. Mzee wako yupo sahihi nusu, na ile nusu nyingine wewe ndo umeigusa ulipomtajia Mars, au Mirihi kama tulivyofundishwa shule. Niseme mapema kabisa halafu ndo nieleze: volkano peke yake haiipi sayari uhai. Kinachotakiwa ni mzunguko, yaani kile kinachotoka chini kiwe na njia ya kurudi chini, na maji yawepo hapo katikati, na kazi hiyo iende mamilioni kwa mabilioni ya miaka bila kukatika. Mirihi mzunguko ulikatika mapema, Zuhura (Venus) inaonekana njia ya kurudi haipo, sisi huku umeendelea mpaka leo na ndo maana upo hapo Moshi unaniuliza maswali.

Tuanze na moto wenyewe. Joto la chini ya ardhi limetoka sehemu mbili kubwa, lipo lililobaki tangu dunia inaundwa miaka bilioni 4.5 na ushee iliyopita, na lipo linalozalishwa mpaka leo na madini yenye mionzi yaliyomo ndani ya miamba, urani, thori na aina moja ya potasiamu, ambayo yanaoza taratibu sana na kutoa joto. Sasa joto hilo lazima litoke nje, na hapo ukubwa wa sayari ndo unaamua kila kitu. Ukipakua makande kwenye bakuli la mtoto na mengine ukayaacha kwenye lile sufuria la msibani, baada ya saa moja ya mtoto yameshapoa kabisa na ya kwenye sufuria bado yanaunguza ulimi. Mirihi kipenyo chake ni kama nusu tu ya cha dunia na uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ilipoa mapema kuliko sisi. Mwezi ni mdogo zaidi, yale madoa meusi unayoyaona usiku ukiwa Stella Point ni lava iliyoganda zamani sana, mengi yana zaidi ya miaka bilioni 3, na tangu hapo ni kimya karibu kabisa.

Sasa utaniuliza, kama Mirihi ilipoa mapema hiyo volkano kubwa imetoka wapi? Aisee hapa ndo patamu. Mlima unaoulizia unaitwa Olympus Mons, una urefu wa kama kilomita 22, chukua Uhuru Peak zidisha karibu mara nne, na upana wa chini ni kama kilomita 600, yaani unapanda basi Moshi asubuhi unashuka Dar jioni na bado hujautoka mlima. Na mteremko wake ni mdogo mno, mgeni wako angetembea wiki nzima asijue kama anapanda.

Umekuwa mkubwa hivyo kwa sababu ganda la Mirihi halitembei. Duniani ganda la juu limepasuka vipande vipande tunaviita mabamba na vyote vinatembea, polepole, sentimita chache kwa mwaka. Hawaii kwa mfano kuna sehemu ya moto chini na bamba linapita juu yake, basi volkano inajengeka kidogo, bamba linaisogeza mbali na moto, inazimika, nyingine inaanza, ndo maana kule kuna visiwa vimejipanga mstari. Mirihi ganda limesimama palepale, na moto upo palepale, lava inamwagika juu ya lava nyingine mamilioni ya miaka mpaka unapata dude la kilomita 22. Kwa hiyo ukubwa wa ule mlima ambao watu wanausifia, kwangu mimi unaonyesha tatizo la ile sayari. Mlima mkubwa vile umekaa peke yake maana yake chini hakuna kinachozunguka kama huku kwetu.

Na Mirihi haikuwa hivi siku zote. Gari la Wamarekani linaloitwa Curiosity lilitua kwenye kreta ya Gale mwaka 2012 likakuta matope yaliyoganda ya ziwa la zamani, na Perseverance lilitua 2021 Jezero, mahali ambapo mto ulikuwa unamwaga maji ziwani na kuacha delta kabisa. Maji yalikuwepo, volkano zilikuwepo, yote yale anayoyataka mzee wako. Kilichotokea ni kwamba ndani kulipoa, ile chuma iliyoyeyuka kwenye kiini ikaacha kuzunguka vizuri, nguvu ya sumaku ya sayari nzima ikazimika kama miaka bilioni 4 iliyopita, na upepo wa chembe unaotoka kwenye jua ukaanza kuipukutisha hewa yake. Chombo cha MAVEN kilifika kule 2014 na kimepima hewa ya Mirihi ikivuja kwenda angani. Hewa iliyobaki presha yake haifiki hata asilimia moja ya hii tunayovuta.

Hapo kwenye sumaku watu wengi wanatia chumvi, utasikia bila sumaku hakuna hewa, basi. Zuhura haina sumaku yake ya ndani na hewa imejaa mpaka imepitiliza. Kwa hiyo mimi sumaku naiweka kwenye mambo yanayosaidia, hasa kwa sayari ndogo yenye mvuto hafifu, ila ukiniuliza kitu gani kimetushika hai muda wote huu nitakwambia ni hewa ukaa, ile inayoshika joto la dunia lisipotee angani, na njia yake. Naomba uvumilivu kidogo hapa kwa sababu ndo kiini cha jibu lako, na mlima wako mwenyewe umo.

Mvua inaponyesha Machame au Marangu inachukua hewa ukaa kidogo angani na kuwa na asidi hafifu sana, hata ukiilamba huisikii. Hiyo asidi inagusa lava ya zamani ya Kilimanjaro na kuila pole pole. Ule udongo mwekundu wa kihamba chenu, unaoshika migomba na kahawa, ni lava iliyoliwa hivyo miaka na miaka. Katika kuliwa huko mwamba unaachia kalisi, yaani kalsiamu, na ile hewa ukaa inageuka kuwa kitu kilichoyeyuka ndani ya maji, vinashuka pamoja na mito, Karanga, Weruweru, vinaingia Kikuletwa, vinapumzika Nyumba ya Mungu, vinashika mto Pangani mpaka baharini. Baharini matumbawe na konokono wanavichukua wanajengea nyumba zao, wakifa vinalala chini na kugeuka mawe ya chokaa. Mawe ya chokaa unayajua, yale ya Tanga wanayotengenezea saruji, mapango ya Amboni yamechongwa humohumo. Ndani ya yale mawe kuna hewa iliyowahi kuwa angani enzi za mijusi wakubwa.

Sasa kazi ikiishia hapo tumekwisha, maana hewa ukaa yote ingefungwa kwenye mawe na dunia ingeganda. Mabamba ndo yanaifungua. Bamba la bahari likizama chini ya lingine, kama inavyotokea Japani, Indonesia na Chile, linakwenda na yale mawe ya chokaa chini kwenye joto, hewa ukaa inaachiliwa, inapanda na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na kutoka kwenye volkano kurudi angani. Mzunguko mmoja unachukua mamilioni ya miaka. Na uzuri wake unajirekebisha wenyewe, dunia ikipata joto zaidi mvua inaongezeka, miamba inaliwa haraka, hewa ukaa inafungwa nyingi na joto linashuka. Dunia ikipoa miamba inaliwa taratibu, volkano zinaendelea kutoa, joto linapanda. Hesabu ya hii habari iliwekwa vizuri na wanasayansi Walker, Hays na Kasting mwaka 1981 na mpaka leo wanaotafuta sayari za mbali zenye maji wanaanzia hapo.

Nikuambie kabla hujaenda kumweleza mgeni mwingine akakubana: Kilimanjaro, Meru na Lengai hazikutokana na bamba kuzama. Za kwetu ni za bonde la ufa, Afrika inavutwa pande mbili milimita chache kwa mwaka, ganda linakuwa jembamba na moto unapata upenyo. Zinatoa hewa ukaa sawa, tena Ol Doinyo Lengai ndo volkano pekee duniani inayotoa lava ya kabonati siku hizi, lava nyeusi ya nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, nusu ya lava ya kawaida, inatiririka kama maji na ikikutana na unyevu inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Ilipolipuka 2007 wengine wetu Arusha tulishatikiswa na matetemeko kabla, tulikimbia nje ya nyumba na mataulo.

Haya, Zuhura, ile nyota kali ya alfajiri. Hii ni karibu pacha wa dunia kwa ukubwa, kipenyo asilimia 95 ya chetu. Na kaboni iliyopo kule hewani na hii yetu iliyofungwa kwenye mawe ya chokaa ukizilinganisha hazipishani sana. Yaani mali ni ileile. Ila yetu ipo chini ya ardhi, yao yote ipo juu, hewa yake asilimia 96 ni hewa ukaa, presha ya chini ni kama mara 90 ya yetu na joto ni nyuzi 460 na kitu, hata madini ya risasi yanayeyuka. Volkano zipo tele. Mwaka 2023 watafiti wawili walipekua picha za rada za chombo cha Magellan za mwaka 1991 wakakuta tundu la volkano kwenye mlima Maat Mons limebadilika umbo ndani ya miezi minane, maana yake kule bado kuna moto. Lakini bahari hakuna ya kuilainisha miamba na kufunga hewa ukaa, na mabamba yanayozama kama ya kwetu hayaonekani. Volkano inatoa tu, hakuna kinachorudi. Kwa hiyo ukimchukua mzee wako kwa maneno yake, Zuhura ingekuwa bustani.

Kuna ushahidi mwingine mzuri upo humuhumu duniani. Kati ya miaka milioni 720 na 635 iliyopita dunia iliganda mara mbili, barafu ilifika karibu na ikweta, na ikiganda hivyo inarudisha mwanga wa jua angani kwa hiyo inazidi kuganda, huoni pa kutokea. Kilichoitoa ni volkano. Barafu imefunika miamba, mvua hakuna, hewa ukaa haifungwi, ila volkano zilizo chini hazijui habari hiyo, zinaendelea kutoa miaka mamilioni mpaka hewa ukaa ikajaa ikayeyusha. Hapo mzee wako anapata maksi zake zote. Ila zikizidi nazo zinaua, lava iliyomwagika Siberia miaka milioni 252 iliyopita inahusishwa na kufa kwa viumbe vingi kuliko wakati wowote tunaoujua, baharini inakadiriwa karibu aina tisa kati ya kumi zilitoweka.

Kuna jambo moja nilitaka nilipite haraka ila nimeshindwa, kwa sababu linavuruga yote niliyosema kuhusu ukubwa. Nimesema vitu vidogo vinapoa. Io, mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii (Jupiter), ukubwa wake ni kama mwezi wetu tu, ulitakiwa uwe umezimika zamani. Machi 1979 chombo cha Voyager 1 kilipita pale na dada mmoja kwenye timu, Linda Morabito, akaona moshi wa volkano umepanda juu ya ukingo wa ule mwezi. Mpaka sasa zimehesabiwa zaidi ya 400 zinazofanya kazi. Joto lake halitoki kwenye mionzi, linatoka kwenye kubanwa na kuachiwa na mvuto wa Mshtarii kila unapozunguka, miamba inasuguana ndani mpaka inayeyuka. Cha ajabu kuna wataalamu watatu walilitabiri hilo kwenye karatasi iliyotoka siku chache tu kabla ya Voyager kufika, mimi kwenye kazi yangu sijawahi kubahatika hivyo. Ila Io maji haina, kwa hiyo volkano 400 na hakuna kitu.

Halafu nenda Zohali, ile sayari ya Saturn, kuna kamwezi kanaitwa Enceladus, kipenyo kilomita 500 tu. Kananyongwa hivyohivyo na mvuto, lakini hako kana maji, bahari nzima chini ya barafu. Chombo cha Cassini mwaka 2005 kilikuta kanarusha maji angani kupitia nyufa za upande wa kusini, kikapita katikati ya yale maji na kuyaonja, ikapatikana chumvi, baadaye wakatangaza haidrojeni mwaka 2017 na fosfati, ambayo kila kiumbe hai kinaihitaji, 2023. Haidrojeni ile ndo inayotusisimua watu wa miamba kwa sababu dalili zinaonyesha chini ya ile bahari maji ya moto yanakutana na mwamba, na huku kwetu tunajua sehemu kama hizo zinalisha viumbe bila jua. Mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha kama mita 2,500, gizani kabisa, watafiti walikuta chemchemi za moto zimezungukwa na chaza na minyoo mikubwa, wote wanaishi kwa vijidudu vinavyokula kemikali za kutoka ardhini. Enceladus kiumbe hakijaonekana, asije mtu akakudanganya. Ila ukiniambia niweke hela yangu, naiweka pale kabla ya Mirihi ya leo. Na Europa, mwezi mwingine wa Mshtarii wenye bahari chini ya barafu, tayari chombo cha Europa Clipper kimerushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika 2030.

Hata huku jirani ukitaka kuona kemia inayofanana kidogo na hayo nenda ziwa Natron chini ya Lengai, maji ya magadi makali yanachoma ngozi, na bado vijimea vidogo vinajaa humo na heroe wadogo wanakuja kuzaliana kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Kuna wanasayansi wanaofikiri maziwa ya magadi ya namna hii, kwa sababu fosfati inajikusanya humo, yanaweza kuwa ndo sehemu maisha yalipoanzia.

Sasa watoto wa dada yako, na hili ndo kazi yangu ya kila siku kwa hiyo nisikilize vizuri. Ni kweli ni mlima. Lava na majivu ya Meru yana floridi nyingi, ndo inayoyapa meno ule ukahawia, na sodiamu nyingi lakini kalisi kidogo, na kalisi ndo ingeikamata floridi ikaganda, ikikosekana floridi inabaki ndani ya maji mpaka kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi na visima vingi vya kuzunguka Meru, hasa upande wa Ngare Nanyuki, vinapita hapo mara kadhaa. Kwenu mteremko wa kusini wa Kilimanjaro maji mengi ni nafuu, ndo maana nyie hamuoni sana hayo meno.

Meno yanaharibika wakati bado yanaundwa ndani ya fizi, yaani tangu mtoto mchanga mpaka kama miaka 8. Kwa hiyo dada yako mwenyewe kama alikulia Moshi akaolewa Arumeru meno yake hayabadiliki, ila maji wanayokunywa watoto wake ndo muhimu, na maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi yanakwenda hadi kwenye mifupa, watu wanapinda miguu. Asichemshe akidhani inatoka, kuchemsha kunaua vijidudu tu, maji yanapungua na floridi inabaki palepale kwa hiyo inakuwa kali zaidi. Magadi ya kulainishia makande na maharage apunguze au aache kabisa, mengi ya huku yana floridi nyingi na akina mama hawaambiwi. Cha kwanza apeleke maji yake yakapimwe, maana visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kabisa. Yakizidi, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyofanya kazi vizuri, ila ule mkaa unachoka, lazima ubadilishwe, wengi wanasahau na kuendelea kunywa wakijua wamechuja. Na kama hela ya kichujio haipo kwa sasa, akinge mvua kwenye bati safi, aache ya mwanzo imwagike, yanayofuata ayatunze kwenye simtanki kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto, kufulia na kuogea atumie hayo ya kisima.